Usipige simiti kwenye ukuta wa matumbawe

Kuta za nyumba za kale za Lamu ni za mawe ya matumbawe, mengi yakiwa yamechimbwa kisiwa jirani cha Manda, yakashikwa kwa chokaa na mchanga. Chini hazina kizuizi cha unyevu. Maji ya ardhini hupanda ndani ya jiwe, yakakaukia kwenye lipu ya chokaa. Ukipiga simiti juu yake, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda zaidi; chumvi inaganda nyuma ya lipu, kisha lipu inaanguka na gamba la jiwe. Gonga ukuta kwa kidole: palipoachana panalia wazi. Wengi hapo huongeza simiti nyingine, na inauma kuona nyumba nzuri ikiliwa hivyo.

Bandua simiti yote kwa patasi na nyundo ndogo, polepole, maana jiwe ni laini. Uache ukuta ukauke, kisha uondoe chumvi kwa brashi kavu. Ukiiosha inarudi ndani.

Mchanga wa ufuoni haufai, una chumvi. Wa vilima vya Shela uache hata kama uko karibu, kwa sababu vilima vile ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya visima vya mji. Chukua mchanga wa bara wenye chembe kali, uuoshe kwa maji matamu mpaka ukionja ya mwisho hayana chumvi.

Chokaa ya tanuri itie kwenye maji, usiyamwage maji juu yake: inachemka na kuruka, na jichoni inaunguza. Ikishapoa iache chini ya maji mwezi mmoja au zaidi. Changanya chokaa 1 kwa mchanga 3, na uiponde sana kabla ya kufikiria kuongeza maji.

Lowesha ukuta jioni na tena asubuhi. Kisha piga lipu; kila tabaka lisizidi milimita 10 hivi. Chokaa hukomaa kwa kunywa hewa, na bila unyevu haikomai. Upepo wa kusi ukiikausha upesi inabaki unga. Tundika magunia mabichi angalau wiki moja. Nyufa ndogo zikitokea, zisugue kwa ubao lipu ikiwa bado laini. Tabaka la pili lisubiri mpaka ukucha uache alama hafifu tu.

Anayejenga upya kwa dari ya boriti aamue kwanza upana wa chumba. Boriti hizo ni mikoko; iliyonyooka na minene vya kutosha hubeba dari ya mawe kwa takriban mita 2.5 hadi 3, basi. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Na inunuliwe kwa aliye na kibali cha kukata.