Siku moja maishani mwangu: kuzitafuta amri zilizopotea kwenye terminali

Saa 1:40 asubuhi

Nafungua daftari kwanza, kompyuta baadaye. Ni daftari la karatasi. Humo nimenakili ujumbe wa kosa mmoja mmoja jinsi ulivyotokea kwenye skrini, herufi kwa herufi, na chini yake nikaandika kilichouponya. Kazi yangu ni kuwasaidia wenzangu kusakinisha programu huria kwenye kompyuta za mezani na kuwawekea sawa sheli, ile programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali na kuzitekeleza. Wengi hunijia wakisema "programu imegoma kuingia". Nikikagua, mara nyingi nakuta imeingia vizuri kabisa, ila sheli haijui iko folda gani. Ndiyo maana sikimbilii kufuta na kusakinisha upya. Naanza kwa kuiuliza mashine inatafutia wapi.

Saa 2:15 asubuhi

Dada mmoja amewasha kompyuta yake ya Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, akaandika amri ya apt, ile inayosakinisha programu, akajibiwa kwamba faili la /var/lib/dpkg/lock-frontend limeshikiliwa. Mtu alishamshauri alifute. Nikamwambia, "Dada, usilifute, ngoja kidogo." Ujumbe wenyewe ulikuwa umetaja namba ya mchakato unaolishikilia na jina lake: masasisho ya usalama yanayojiendesha yenyewe mara nyingi muda mfupi baada ya mashine kuwaka. Faili lile ni kufuli: linazuia programu mbili zisiandike kwa wakati mmoja kwenye kumbukumbu ya vifurushi, yaani programu kama zinavyofungashwa tayari kusakinishwa. Ukilifuta katikati ya kazi unaweza kubaki na vifurushi nusu nusu, na kuvirekebisha kunakula muda kuliko kusubiri. Tulisubiri dakika sita. Amri ile ile, bila kuongeza kitu, ikapita.

Saa 3:05 asubuhi

Simu. "Kaka, njoo haraka, kila kitu kimefutika. Hata ls haipo!"

Nilimkuta amekaa mbali na kibodi, mikono mapajani, kama mtu anayeogopa kugusa. Kwenye skrini ls, amri ya kuorodhesha mafaili, ilijibiwa command not found, yaani amri haikupatikana; nano, kihariri cha maandishi, vivyo hivyo, na sudo, amri ya kupata mamlaka ya msimamizi, nayo. Mtu yeyote angeona hivyo angedhani diski imefutwa. Lakini cd, ya kuhamia folda nyingine, ilikuwa inafanya kazi, na echo, ya kuonyesha maandishi kwenye skrini, pia. Hapo nikapata pa kuanzia, kwa sababu cd na echo zimo ndani ya Bash yenyewe, sheli aliyokuwa akiitumia, hazitafutwi kwenye folda yoyote. Amri zilizopotea zote ni zile zinazokaa kama mafaili kwenye diski.

Nikamwambia aandike echo $PATH. PATH ni orodha ya folda ambazo sheli hupitia kila unapoandika amri, folda moja ikitenganishwa na nyingine kwa nukta mbili. Hupitia kwa zamu kuanzia ya kwanza, na ikilipata faili lenye jina hilo inasimama hapo hapo. Orodha ya kawaida ina folda kadhaa. Ya kwake ilikuwa na moja tu, ile ya programu aliyosakinisha jana jioni.

"Usifunge dirisha," nikamwambia. Nikamwonyesha kwamba amri hazijaenda popote: ukiandika /usr/bin/nano ~/.bashrc kwa ukamilifu wake, faili la .bashrc, lile la mipangilio ambalo Bash hulisoma unapofungua terminali, linafunguka, maana umeshaitajia sheli mahali penyewe, haina haja ya kutafuta. Tukashuka hadi mstari wa mwisho:

export PATH=$HOME/programu/bin

Mstari huo unasema: orodha yote ya zamani itupwe, ibaki folda hii peke yake. Alichotaka ni kuongeza, si kufuta. Tukaurekebisha:

export PATH=$HOME/programu/bin:$PATH

Zilikosekana alama sita tu, nukta mbili na $PATH mwishoni, na kwa alama hizo sita mtu alikuwa ameshaanza kupanga kuisafisha mashine na kuanza upya. Tukahifadhi. Hatukuandika source ~/.bashrc, amri ya kulisoma faili upya ambayo watu huiandika kwa mazoea, kwa sababu kwenye dirisha lile PATH ilikuwa imeshaharibika na mstari mpya ungeijengea juu ya uharibifu ule ule. Tukafungua terminali mpya. Akaandika ls polepole, kidole kimoja kimoja, na folda zake zote zikajitokeza. Akashusha pumzi.

Kabla sijaondoka nikamwuliza, "Mstari huu umeutoa wapi?" Akanionyesha: kwenye maelekezo ya usakinishaji yaliyokuja na programu, faili la README. Mstari upo humo vile vile, bila zile alama sita. Yeye alinakili kwa uaminifu alichoelekezwa. Nikakiandika hicho daftarini na kukipigia mstari.

Saa 5 asubuhi

Huyu naye ana tatizo lenye sura hiyo hiyo lakini chanzo chake ni kingine. Dada huingia kwenye kompyuta yake ya mezani kwa ssh akiwa mbali, na tangu wiki iliyopita akiingia hivyo hakuti vifupisho vyake vya amri wala folda zake binafsi kwenye PATH. Akiwa amekaa mbele ya mashine na kufungua terminali, vifupisho vyote vipo.

Niliandika ls -la nyumbani kwake na macho yakaenda moja kwa moja kwenye .bash_profile, faili lenye mstari mmoja, tarehe yake ya wiki iliyopita. Yeye hakuliunda. Kisakinishi cha programu fulani kililiandika bila kumwambia. Ukiingia kwa ssh, Bash hutafuta mafaili matatu nyumbani kwako kwa mpangilio huu: .bash_profile, kisha .bash_login, kisha .profile. Inasoma la kwanza inalolikuta na kuyaacha mengine. Kwenye Debian, mfumo mwingine wa Linux, na Ubuntu, akaunti mpya huja na .profile, na hilo ndilo linaloita .bashrc. Kwa hiyo .bash_profile lilipozaliwa, .profile likanyamaza, na .bashrc nalo halikuitwa tena. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea, kwa kuwa kwa macho ya sheli hakuna kosa.

Dawa: tuliuhamishia mstari ule ndani ya .profile, tukalibadilisha jina .bash_profile kuwa .bash_profile.zamani ili lisipotee, akatoka na kuingia upya. Kisakinishi kinachoandika kwenye mafaili ya mtu bila kumwarifu kinamkosea adabu. Kingemwonyesha mstari na kumwachia aamue.

Saa 6:30 mchana

Nimepumzika. Macho yalihitaji kuangalia kitu kilicho mbali.

Saa 8 mchana

Skripti, yaani faili la amri zinazotekelezwa kwa mfuatano, inayokataa kwa kudai kwamba /bin/bash^M haipo. Skripti iliandikwa kwenye Windows, ambako kila mstari huishia na herufi mbili zisizoonekana, namba 13 na namba 10. Linux inatarajia 10 pekee, hivyo ile 13 inahesabiwa kuwa sehemu ya jina, na kweli hakuna programu yenye jina hilo. Ukilifungua faili kwenye kihariri huoni chochote. Kwa cat -A ndipo kila mstari unaonekana umeishia na ^M$. Amri moja, sed -i 's/\r$//' pamoja na jina la skripti, imemaliza.

Amri hiyo sikuituma ndani ya ujumbe wa simu. Nimeiweka kwenye faili la maandishi matupu. Programu nyingi za ujumbe hugeuza vistari viwili kuwa kistari kimoja kirefu, na alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda. Mtu akinakili, sheli inakataa, na yeye anajilaumu bure.

Saa 9:10 alasiri

Kijana anataka kuongeza maktaba ya lugha ya programu ya Python kwenye Debian 12, na pip, programu inayosakinisha maktaba hizo, inamjibu externally-managed-environment. Tangu toleo hilo la mwaka 2023, Debian hairuhusu pip kuandika mahali ambapo mfumo wenyewe unaweka vifurushi vyake. Alikuwa ameshapata njia ya kulazimisha, kuongeza --break-system-packages. Nikamwomba alisome jina hilo kwa sauti, kisha nikamweleza maana yake: vunja vifurushi vya mfumo. Tukatengeneza mazingira ya pembeni kwa python3 -m venv, maktaba ikaingia humo, mfumo ukabaki salama.

Saa 10 alasiri

Kompyuta ya Mac. Mwenyewe amefuata mafunzo na kuandika mipangilio yake yote kwenye .bashrc, lakini hakuna kinachobadilika. Kuanzia macOS Catalina ya mwaka 2019, akaunti mpya hutumia zsh, sheli nyingine badala ya Bash, na zsh husoma .zshrc. Kuhamisha mistari minne tu.

Saa 11 jioni

Nikarudi kwenye ule mstari niliokuwa nimeupigia alama. Ningeweza kuuacha, maana mwenye shida ameshapona. Ila nilimkumbuka yule kaka akiwa na mikono mapajani, na watu wengine nisiowajua wanaonakili maneno yale yale usiku wakiwa peke yao, bila wa kumpigia simu.

Nikatengeneza akaunti mpya kwenye mashine yangu ya majaribio na kufuata maelekezo kuanzia mstari wa kwanza, bila kuruka hatua. Amri zikapotea, kama asubuhi. Nikarekebisha README, nikaifuta akaunti, nikatengeneza nyingine, nikafuata tena. Kisha nikawaandikia watunzaji wa programu. Niliandika toleo la programu, toleo la mfumo, hatua nilizofuata, majibu yote ya terminali kama yalivyo, na mstari uliosahihishwa. Sikuweka neno la lawama. Wanaofanya kazi hii wengi wanajitolea, na asiyekosea kwenye PATH ni yule ambaye hajawahi kuigusa.

Saa 12:20 jioni

Jibu limekuja haraka kuliko nilivyotarajia. Wamepokea. Mabadiliko yao yana mstari mmoja wenye alama ya kutoa, ule ulioondolewa, na chini yake mstari mmoja wenye alama ya kujumlisha, ule ulioongezwa, na mwisho wa huo wa pili zimo nukta mbili na $PATH. Nimezinakili daftarini chini ya maneno ya asubuhi, nikaandika tarehe, nikazima mashine.