Sultani alipotaga

Mjusi huyu nilimrithi kwa mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa anahama kutoka Leicester, hapa Uingereza, yeye pamoja na tangi lake la kioo, taa na kopo la funza wa unga. "Ni dume," akaniambia, nami nikampa jina la Sultani. Ni wale mijusi wa manjano wenye madoa meusi, Waingereza huwaita leopard gecko, mkia mnene kama kidole gumba, ambao kwao ni nchi kame za Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India. Hafanani na wale wa kwetu Tanga wanaokaa ukutani kuvizia wadudu wa taa. Huyu vidole vyake havinati, anatembea chini, tena ana kope, akilala anafumba macho. Nilipomwonyesha mama kwa video akaguna. "Umevuka bahari yote hiyo, mwanangu, kwenda kufuga mjusi kafiri?"

Mwaka wa kwanza, mwezi wa tatu, Sultani akaanza kuchimba. Usiku kucha anaparura pembe za tangi, nyenje wanampita mbele ya pua hawataki. Nikamweka kwenye bakuli la kioo nikamtazama kwa chini. Tumboni, chini ya ngozi, kulikuwa na vitu viwili vyeupe vimelala sambamba kama punje kubwa za maharage. Hapo ndipo nikasoma kile nilichopaswa kusoma siku ya kwanza: dume ana vitundu vilivyojipanga kama herufi V katikati ya miguu ya nyuma, na uvimbe mara mbili kwenye shina la mkia. Sultani hana hata kimoja. Na dume hajawahi kumwona tangu nimchukue. Ni kama kuku tu, hutaga hata bandani kusipokuwa na jogoo.

Shida ni kwamba sikuwa na pa kumtagishia. Chini nilikuwa nimetandika karatasi za jikoni, kavu kabisa, naye anataka udongo wenye unyevu; asipoupata anayazuia mayai tumboni. Baada ya siku kadhaa mkia ulianza kusinyaa, akawa anajikamua bila kutoa kitu, kisha akalala tu. Kliniki ya kwanza waliniambia hawatibu mijusi. Ya pili ilikuwa mwendo wa saa nzima, lakini daktari alimjua mnyama aliyemshika. Akampiga picha ya eksirei, akanionyesha mayai mawili, kisha akanionyesha mifupa iliyofifia kuliko inavyotakiwa. "Kalisiamu unampa?" Nilikuwa nampa, ndiyo, nikikumbuka. Akanieleza kwamba ganda la yai lazima litengenezwe, na kama kalisiamu haimo kwenye chakula, jike anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Alimchoma sindano, akaniambia nikamloweshe kwenye maji ya vuguvugu na nimtengenezee kiota usiku uleule. Asipotaga, ni upasuaji. Bili yenyewe ilinitoa jasho.

Kiota nilikifanya kwa kopo la aiskrimu lenye mfuniko, nikatoboa tundu ubavuni. Ndani niliweka makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo huku yanauzwa yakiwa yamekandamizwa kama tofali. Sisi kwetu tunayachomea moto, hapa nayanunua kwa pauni! Unayalowesha mpaka ukiyafumbata yashikamane bila kuchuruzika maji. Usiku wa pili Sultani alitoka humo amekonda kama soksi. Mayai yalikuwa ya njano, yamebonyea, yananata. Viza yote.

Nilingoja mwaka mzima kabla ya kufikiria dume. Kisahani cha unga wa kalisiamu hakikuondoka tena tangini, nyenje na mende nikawa nawalisha vizuri kabla hajawala yeye, na kila Jumapili namweka juu ya mizani ya jikoni. Alipofika gramu 58 nikaridhika. Dume niliazima kwa mfugaji mmoja, nikamtenga chumba kingine na kupeleka kinyesi chake kupimwa, maana kuna kimelea cha kriptosporidi kinachokausha mkia ukabaki kijiti, na tiba yake si ya kutegemea. Mtu mwingine alikuwa amenipa dume wa rangi ya Lemon Frost, mzuri mno, nikakataa. Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo yanayoihusisha jeni ya rangi ile na uvimbe wa saratani ya ngozi. Sioni sababu ya kumzalisha mnyama ugonjwa kwa ajili ya rangi.

Mapenzi yao hayapendezi kutazama. Dume anatetemesha ncha ya mkia mpaka unasikia mlio, halafu anamng'ata jike shingoni. Siku tatu zilitosha, nikamrudisha kwa mwenyewe, kwa sababu jike huhifadhi mbegu na kuzitumia mkupuo baada ya mkupuo.

Mayai ya safari hii yalikuwa meupe na magumu kidogo. Kila yai nilitia alama ya penseli juu kabla ya kuliinua, kwani ukiligeuza baada ya kijusi kujishikiza unakiua. Nikayalaza kwenye vemikulaiti, chembe za madini zinazoshika unyevu, iliyochanganywa na maji kwa uzito sawa, mashine ya kutotoleshea nikaitega nyuzi 27. Joto ndilo linaloamua jinsia: hapo wengi hutoka majike, ukipandisha 32 wengi ni madume, na madume huumizana, kila mmoja anadai tangi lake. Baada ya wiki moja nikayapima kwa tochi gizani. Ndani mlikuwa na wekundu na mishipa myembamba kama nyuzi za zafarani.

Siku ya 58 yai la kwanza lilibonyea, likatoa jasho, kufika jioni kichwa kimetokeza. Kitoto chenye gramu 3, mistari myeusi na njano, nilipokikaribia kikanifokea kwa sauti kubwa kuliko mwili wake! Hakili chochote mpaka ajivue gamba la kwanza, kwa hiyo usihangaike na nyenje siku ile.

Sultani alitaga mikupuo minne, na kila mmoja mizani ilishuka, 58 mpaka 49. Dume alishaondoka zamani, lakini mbegu zilikuwa bado zimo, na kumwambia jike aache huwezi. Nilichoweza ni kumlisha zaidi, na mayai mawili ya mwisho niliyaweka kwenye friza siku ileile yalipotagwa. Mke wangu hakufurahi kuyakuta pembeni ya samaki. Watoto watano walitoka salama, wanne nikawapa watu niliokwenda kwanza kuyaona matangi yao. Faida sikupata, umeme wa majira ya baridi pekee ulikula kila kitu.

Dume sijaazima tena. Jumapili iliyopita mizani ilisoma 61, na juzi usiku nimemsikia anaparura ndani ya kopo la aiskrimu.