"Alikuwa amelala" ikanitoa jasho Leeds

Wiki yangu ya tatu kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Leeds, niliandika kwenye daftari la zamu: "2 am, she had slept." Saa nane ile ya usiku nilikuwa nimechungulia chumbani nikamkuta bibi amelala ubavu, blanketi limemfika kidevuni, anakoroma taratibu. Asubuhi nesi akaniita. "Kwa hiyo saa nane alikuwa macho? Aliamka saa ngapi?" Nikaduwaa.

Ndugu zangu, kanuni ya Kiingereza ya tendo lililokuwa likiendelea nilikuwa naijua tangu shule: was au were, kisha kitenzi chenye -ing. I, he, she na it huchukua was. We, you na they huchukua were. Nisichofundishwa ni kwamba sisi, mkao wa mwili tunausema kwa -me-: amelala, amekaa, amesimama, amevaa. Tendo limeshafanyika, hali yake ndiyo ipo. Mwingereza hapohapo anasema tendo linaendelea: she was sleeping, was sitting, was standing, was wearing a blue cardigan. Ukimpa had slept, anaelewa usingizi umekwisha. Na bibi wa watu bado anakoroma!

Penye -ki- ndipo Kiswahili kinapokubeba. "Nilikuwa nikikunja mashuka, nikasikia kishindo": I was folding sheets when I heard a bang. Ile -ki- ndiyo was folding; ile -ka- inayoingia katikati ndiyo heard. Shida huja ukizibadilisha. Ukiandika "When she fell, I was calling the nurse," umesema simu ilikuwa sikioni mwako tayari wakati mzee anaanguka. Kama ulipiga baada ya kumwona chini, andika I called. Hiyo ni ripoti ya ajali, na familia wakiisoma wana haki ya kuuliza ulijuaje mapema.

Halafu kuna vitenzi visivyoitaka -ing. "Nilikuwa najua" na "nilikuwa nataka" ni Kiswahili safi kabisa, lakini I was knowing hakuna; sema I knew, I wanted. Have iangalie vizuri: I was having lunch ni sawa, kwa sababu hapo unakula. Simu au gari ulilokuwa nalo ni I had.

Siku hizi kila anayeanza kazi hapa akitokea nyumbani, namwandikia sentensi mbili nyuma ya karatasi ya zamu: She was sleeping. I called the nurse. Nataka azishike kabla hajaachiwa korido peke yake usiku.

Juzi niliandika: "2 am, she was sleeping on her left side, breathing normally." Nesi akasoma, akatia sahihi, akaenda kugawa dawa za asubuhi.