Dawa Zilizokwisha Muda na Kutu ya Maji ya Chumvi

Wazo la kukinga chuma dhidi ya kutu kwa dawa zilizokwisha muda husikika kama mzaha mpaka mtu atazame jinsi molekuli za dawa hizo zilivyoundwa. Siprofloksasini, ambayo ni antibiotiki, na ketokonazoli, dawa ya fangasi, zina atomu za naitrojeni na oksijeni pamoja na pete za kaboni, na antibiotiki nyingine, ampisilini, inaongeza salfa. Elektroni za sehemu hizo huziwezesha molekuli kushikamana na uso wa chuma na kujitandaza juu yake kama utando mwembamba.

Utando huo unakabiliana na adui mkali. Kila lita ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi hiyo huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, huku kloraidi za chumvi hiyo zikitoboa oksaidi, ngozi nyembamba inayokihifadhi chuma, na oksijeni iliyoyeyuka ikipokea elektroni ambazo chuma huziacha kinapoliwa. Molekuli za dawa zikiuwahi uso wa chuma, mwendo wa kutu hupungua.

Watafiti hupima jambo hili kwa njia rahisi: vipande viwili vya chuma vinavyolingana hupimwa uzito, kimoja hutumbukizwa katika maji ya chumvi matupu na kingine katika maji yenye dawa, kisha vyote husafishwa na kupimwa tena. Kama cha kwanza kimepoteza miligramu 100 na cha pili 15, kinga ni asilimia 85. Tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti si kikwazo kikubwa, kwani kiambato kikuu hakiozi usiku wa siku hiyo. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba ampisilini huendelea kuvunjika ndani ya maji yenyewe, hivyo kinachokinga chuma baada ya wiki kadhaa huenda si kile kilichomiminwa. Aidha, kidonge kina wanga na viungo vingine vya kukishikilia, ambavyo bakteria huvila kwa furaha.

Ninalipinga wazo hili pale linapopelekwa kwenye maji ya wazi. Tuseme kipimo ni miligramu 300 kwa lita: tangi la lita 1,000 litahitaji gramu 300, yaani vidonge 600 vya miligramu 500. Tangi lililofungwa linaweza kubeba mzigo huo, lakini ziwani dawa ingesambaa bila kukinga chochote, na antibiotiki zilizozagaa majini huwapa bakteria nafasi ya kujenga usugu. Kwa mifumo ya kupozea mitambo inayozungusha maji yaleyale, au mabeseni ya asidi ya kusafishia chuma, nakubali, hasa nikikumbuka kwamba kromati, yaani chumvi za kromiamu zilizozoeleka kwa kazi hii, husababisha saratani, ingawa hata huko maji yanayotolewa hayafai kumwagwa kwenye mtaro.

Wenzetu wa Kisumu wana maji yasiyo ya chumvi ziwani, kwa hiyo suala hili haliwagusi sana. Hapa Nakuru, ziwa ni la magadi na pH yake, yaani kipimo cha uasidi au ubesi, hukaribia 10. Magadi kwa kawaida hupunguza kuliwa kwa chuma cha kawaida ilhali kloraidi hukuchochea, na dawa nyingi hubadilisha chaji yake pH inapopanda. Matokeo yaliyopatikana kwa maji ya bahari hayawezi kuhamishiwa hapa bila majaribio mapya yatakayotumia maji ya ziwa lenyewe, ndani ya chombo kilichofunikwa.