Tulivyoweza Kungoja Pesa ya Kahawa

Watu wakiniuliza tulifanyaje hadi kahawa ya nyumbani ikauzwa kwa wanunuzi wanaoilipia ladha yake, hutarajia niwaeleze mbegu na mashine. Nitazitaja. Lakini kazi kubwa ilikuwa kuiwezesha familia kuishi bila pesa ya kahawa kwa majuma mengi, huku madalali wakipiga hodi kila siku.

Shamba letu liko juu ya Sipi, wilaya ya Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Robusta, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kahawa ya Uganda, hupenda nyanda za chini; huku kwetu ni arabika, inayopandwa kuanzia mita 1,300 hivi hadi kupita 2,000, chini ya migomba. Udongo ni wa volkano, na baridi ya mlima huchelewesha tunda kuiva, hivyo buni hukomaa polepole na kuwa ngumu. Miti yetu mingi ni ya aina za arabika ziitwazo SL14 na SL28, pamoja na ile ya aina ya Nyasaland aliyoipanda babu. Hayo yote tuliyakuta.

Tulikuwa tukiuza matunda mabichi mlangoni kwa debe. Dalali huja mapema, mara nyingine maua ndiyo kwanza yamedondoka, anakukopesha karo ya watoto, na kahawa inakuwa yake kabla haijaiva. Ikipimwa kwa debe, nyekundu na kijani zina bei moja. Nani atajisumbua kuchagua?

Baba hakutaka kusikia habari ya kungoja, na alikuwa na sababu. Alikuwa kijana barafu ya 1975 ilipounguza mibuni ya Brazil na bei ya dunia ikapaa. Huku Uganda bodi ya serikali ndiyo iliyoshika soko, na mkulima aliambulia kidogo. Ndio wakati wa magendo: watu waliipitisha kahawa mlimani usiku, kwa punda na kwa migongo yao, hadi Chepkube upande wa Kenya, wakalipwa palepale. Hata soko lilipofunguliwa mwaka 1991, imani yake ilibaki kwenye pesa taslimu. "Mwanangu," aliniambia, "kahawa ikitoka hapa bila pesa kuingia, ihesabu imepotea."

Sikubishana naye. Nilimwomba safu za juu peke yake. Zilizobaki ziendelee kwenda kwa debe. Mama, ambaye alizaliwa Kitale na anajua soko la vitunguu kuliko sisi sote, akasema karo ya muhula huo itatoka kwenye vitunguu na viazi. Kikundi chetu cha akiba kikatukopesha pesa ya kuwalipa wachumaji. Bila vitunguu vya mama na kikundi kile, hadithi ingeishia hapo, na nasema hivi kwa sababu wakufunzi wengi wanaokuja kutufundisha kahawa bora hawagusii kabisa familia itakula nini.

Kazi yenyewe inahitaji macho na mikono. Unachuma nyekundu tu, na mti mmoja unaurudia mara kadhaa. Matunda unayatia majini, yanayoelea unayatoa. Siku hiyohiyo unayamenya kwa mashine ya mkono, tuliyonunua kwa kuchanga na majirani, kisha unavundika usiku kucha na zaidi, kutegemea baridi. Ukizisugua mbegu kiganjani zikakwaruza kama changarawe, utelezi unaozifunika umekwisha; zioshe. Halafu vichanjani, tabaka jembamba, zikigeuzwa kila mara, zikifunikwa jua likiwa kali au mvua ikinyemelea. Shangazi zangu ndio waliosimamia vichanja, wakitoa mbegu zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Tuliwalipa kama vibarua wengine, jambo ambalo baadhi ya wazee hawakulizoea. Unyevu ukifika asilimia 11 au 12, unatia guniani.

Kilo sita hivi za matunda hutoa kilo moja ya buni safi, yaani mbegu kavu iliyokobolewa. Ndiyo maana bei ya kilo ya buni haimwambii mtu kitu mpaka ameigawa kwa sita na kuondoa ujira. Niliiandika hesabu hiyo daftarini nikampa Baba aisome mwenyewe.

Mnunuzi wa Mbale alizikaanga sampuli, akazisaga, akamimina maji ya moto na kuonja kwa kijiko. Kahawa ikipata alama 80 kwa 100 huhesabiwa ya daraja maalumu, na yetu ilivuka. Sikutoa gunia hata moja kabla ya maandishi: sehemu ya malipo siku ya kupokea, iliyobaki kwa tarehe iliyotajwa. Yeye alitaka kulipa yote mwishoni, nilikataa, akakubali. Mkulima yeyote anayeanza namshauri ashikilie hapo hata kama alama zake ni za juu.

Msimu uliofuata Baba aliniachia nusu ya shamba. Sasa tunazungumzia mibuni ya babu, inayozaa kidogo. Inafaa kukatwa ibaki vishina vya sentimita 30 hivi ichipue upya, na itakaa kama miaka miwili bila mavuno ya maana. Baba amekubali kwa sharti tukate theluthi kwanza, na maharage yapandwe katikati ya vishina.