Ninavyowajenga mastelingi wa simulizi zangu za mapenzi

Msomaji wa simulizi za mapenzi humsamehe stelingi wa kiume, yaani mhusika mkuu, umaskini, humsamehe hasira, hata wivu wa kitoto. Kuzima simu hamsamehe. Mwanamume akipotea sehemu mbili mfululizo za simulizi bila sababu ambayo msomaji anaijua, kundi zima la wasomaji la WhatsApp linahamia kwa yule jamaa wa pembeni uliyemweka tu amtie mwenzake wivu, na ukishawapoteza hapo huwarudishi kwa maua wala kwa pete. Naandika simulizi za sehemu kwa sehemu hapa Dodoma. Sehemu tano za mwanzo ni bure, zinazofuata zinalipiwa kwa simu, kwa hiyo hukumu inakuja mapema: asiyempenda stelingi hailipii ya sita.

Wanaoanza kuandika hudhani wasomaji wanamtaka tajiri. Tajiri wanampokea, tena kwa furaha, lakini utajiri huwafikisha mlangoni tu. Kinachowakalisha ni mwanamume anayegharamika, na gharama hupimwa kwa kile alichonacho mtu. Bosi mwenye nyumba tatu Ilazo akilipa bili ya hospitali ya milioni mbili hajatoa kitu, kesho haikumbuki. Bosi huyohuyo akiacha kikao cha zabuni Mtumba, kwenye mji wa serikali, akaenda kukaa saa nne kwenye benchi la wagonjwa wa nje, ametoa, kwa sababu muda ndio asionao.

Ndiyo maana kabla ya sehemu ya kwanza namwandikia stelingi wa kiume bajeti, kwa tarakimu kabisa. Chukua Ndahani, fundi wa pampu za visima, amepanga chumba na sebule Nkuhungu. Kwa mwezi wa kawaida anaingiza 450,000. Kodi 70,000, mama yake Mvumi 100,000, rejesho la kikoba 60,000, chakula na nauli 150,000. Anabaki na 70,000. Bajeti hii haiingii kwenye simulizi yenyewe, haipendezi hata kidogo kuisoma, ila inaniambia kila noti inamuuma kiasi gani. Eunice, stelingi wa kike, ana shamba la zabibu Hombolo na ubwiriunga umeingia, ule ugonjwa wa ukungu unaopigwa dawa ya salfa. Bila bajeti ningeandika hivi:

"Ndahani alimpa Eunice hela za dawa. Eunice alifurahi, moyo wake ukajaa upendo usioelezeka."

Hakuna kitu hapo. Na bajeti mkononi inakuwa hivi:

"Ndahani aliutua mfuko wa salfa mlangoni, akasema ameupata kwa bei ya rafiki. Wiki nzima iliyofuata Eunice alimwona akipita asubuhi kwa miguu, viatu vimegeuka rangi kwa vumbi. Alipomuuliza daladala zimeenda wapi, alijibu kwamba anapunguza kitambi. Kitambi chenyewe hana."

Msomaji amepiga hesabu mwenyewe, tena kamtangulia Eunice. Hapo ndipo raha ya simulizi za mapenzi ilipo: msomaji anajua kuwa binti anapendwa kabla binti hajajua, na anataka kumpigia kelele amwambie. Wengi huiua raha hii kwa kumfanya mwanamume atangaze wema wake, au kwa kumleta rafiki aje kumwambia binti, "Shemeji, hujui tu, jamaa anateseka kwa ajili yako." Rafiki wa namna hiyo namfuta. Binti agundue mwenyewe, kwa kitu anachokiona kwa macho, na achelewe kidogo.

Kuna swali moja ambalo kwa Dodoma halikwepeki. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, mji umepokea watumishi wengi waliotangulia wenyewe, familia zikabaki Dar es Salaam. Msomaji wa hapa akimwona stelingi mwenye kitambulisho shingoni anashuka peke yake kwenye daladala ya Mtumba, anauliza jambo moja tu: mke yuko wapi? Usipolijibu ndani ya sehemu mbili za mwanzo, hatasoma mapenzi tena, atasoma upelelezi. Na neno la stelingi mwenyewe halitoshi, maana ndilo hilohilo waongo wote wanalosema. Namtafutia shahidi asiye na faida yoyote: mama mwenye nyumba anayelalamika kwamba huyu kijana hajawahi kuletewa hata mgeni wa kumfulia mapazia, au dada yake anayempigia akiwa karibu na binti na kumsema kwa sauti kwamba atazeeka bila kuoa.

Ukimleta mtu aliyewahi kuoa, ijue sheria, kwa sababu wasomaji wengine wameyapitia na wanakusubiri ukosee. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, shauri la talaka halifunguliwi kabla ndoa haijatimiza miaka miwili ila kwa ruhusa ya mahakama, na kwa kawaida lazima lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Kwa hiyo stelingi aliyefunga ndoa kanisani mwaka jana na anayesema "tumeshaachana" bado ni mume wa mtu. Vilevile yule anayejitetea kwamba hakuoa, "niliishi naye tu miaka mitatu", amejiingiza pabaya zaidi: sheria hiyohiyo inawadhania kuwa mume na mke watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakijulikana hivyo, mpaka ithibitishwe vingine. Mimi huvitumia vifungu hivi kama chanzo cha mgogoro. Mgogoro wenye karatasi za mahakama nyuma yake hudumu sehemu sita bila kuchosha, ilhali ule wa umbeya unaisha binti akiamua kuuliza tu.

Sasa stelingi wa kike, na hapa nitakaa, kwa sababu ndiye anayeharibiwa zaidi. Wasomaji wangu wengi ni wanawake na tusi lao kubwa kwake ni moja: mjinga. Hawamaanishi hana elimu. Wanamaanisha anasamehe bila kuombwa msamaha, anaamini uongo ambao msomaji ameushtukia zamani, au anaacha kazi yake ili amsubiri mtu. Kanuni yangu: anaweza kudanganywa mara moja, na mara hiyo lazima kuwe na kitu asichoweza kukijua. Meseji iliyotumwa kwa simu ya mwingine, sawa. Mwanamume anayerudi saa nane usiku mara tatu akisema ni foleni, hapana. Foleni gani Dodoma saa nane usiku?

Cha pili, awe na kazi yenye tatizo lake lisilohusu mapenzi. Shamba la zabibu linafaa kwa simulizi kwa sababu linakupa ratiba bure. Mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya mwanzo wa mwaka huangukia kwenye mvua. Zabibu ikishaiva haingoji: mnunuzi akiahirisha kuja, mvua ikanyesha, tunda linapasuka, linaoza kwenye tawi. Eunice ana nusu ekari, mnunuzi wa kiwanda amesema atakuja wiki ijayo, mawingu yanajikusanya. Hapo waandishi wengi humleta Ndahani na mnunuzi mwingine mfukoni, tatizo likaisha, na binti akageuka mtu wa kuokolewa. Naligawa jambo kwa namna nyingine. Eunice ndiye anayeamua kukata hasara: avune leo, auze mbichi Soko la Majengo na kwa wapanga ndoo wa barabarani, kwa bei ya chini kuliko alivyopanga. Ndahani anatafuta toyo, anabeba makreti, anakaa kimya. Binti aamue, mwanamume abebe. Kila tukio kubwa nalikagua kwa swali hilo, nani amefanya uamuzi wa mwisho, na ikiwa ni mwanamume mara mbili mfululizo naandika upya.

Kwa umbo na sura sipotezi muda. Alama mbili zinatosha, mwanya na sauti nzito, kwa mfano. Ukianza kupima rangi ya ngozi na ukubwa wa nyonga unapata ugomvi kundini na hupati chochote.

Yale ya faragha nayo yana kipimo. Kwa simulizi ya sehemu 30, kila sehemu maneno 900 hadi 1,000, wawili wakutane sehemu ya kwanza, wafungwe na tatizo moja kabla ya sehemu ya nne, na mguso wa kwanza wenye maana uje kati ya nane na kumi. Ukiuleta sehemu ya tatu umemaliza mtaji, ukichelewesha hadi ya kumi na tano watu wanalalamika wana arosto, yaani hamu iliyokosa cha kuikata, na arosto ikizidi wanaondoka. Kinachosomwa zaidi ni dakika zinazoutangulia. Na binti lazima aonyeshe kwamba anataka. Mwanamume anayevuta mkono uliokwisha kuondolewa alikuwa stelingi zamani, siku hizi wasomaji wanamwita jina lake halisi.

Kutengana naweka kati ya sehemu ya 22 na 24. Hapa ndipo simulizi nyingi hufa, kwa ugonjwa uleule: mgogoro ambao ungeisha kwa simu moja. Binti kamwona na mwanamke kwenye mgahawa karibu na Nyerere Square, kumbe ni dada yake. Wasomaji wanaandika wote kwa pamoja, "Si ampigie?" na wana haki. Kutengana kuzuri kunatoka kwenye kidonda ulichokionyesha mapema. Kama Ndahani tangu mwanzo anaficha shida zake, ule mfuko wa salfa ni utamu wa sehemu ya saba na ni sumu ya sehemu ya 22, pale Eunice anapojua kwamba ameficha pia deni kubwa la kikoba. Tabia moja, mara ya kwanza imempendeza, mara ya pili imemkata. Hapo simu haisaidii, kwa sababu kila mmoja ana haki yake.

Familia siwaachi wakae pembeni. Msomaji anampima mwanamume kwa jinsi anavyoingia nyumbani kwa mama wa binti: anamsalimu kabla hajamtafuta binti kwa macho, anakaa alipoonyeshwa, anakula mlenda bila kuuliza nyama. Mshenga apelekwe mapema kuliko unavyodhani, nami huanza mazungumzo ya mahari kabla ya kutengana, ili ng'ombe waliokwishatajwa wawe na uzito mambo yanapoharibika. Na kama wawili hawa ni wa dini mbili, mathalani kijana wa Kondoa Mwislamu na binti wa Kianglikana wa Mvumi, liseme sehemu ya pili, usilifiche uje kulifanya mshangao. Njia ya bomani ipo, na inakuja na notisi ya siku 21 kabla ya ndoa, siku ambazo mwenye pingamizi anaruhusiwa kulileta. Kwa mwandishi, siku 21 za hadharani ambamo mjomba yeyote anaweza kutokea ni zawadi, na sijui kwa nini hazitumiki zaidi.

Mahali napo hukaguliwa. Usiwanyeshee wapenzi mvua Dodoma mwezi wa Julai. Julai ni upepo, vumbi na baridi ya usiku, kwa hiyo mwanamume avue koti. Mvua ni kuanzia Desemba hadi Aprili. Na simulizi ikiwa ya baada ya Agosti 2024, usimfanye mtu ashindwe kufika kutoka Dar kwa sababu "safari ni ya kutwa": treni ya SGR inafika kwa saa zisizotimia nne. Mnyime tiketi, au mnyime ruhusa ya kazi.

Kabla ya kufungua malipo nawapa sehemu tano za mwanzo wasomaji watatu wasiofahamiana, na mmoja awe mtu mzima mwenye watoto waliooa. Siwaulizi kama wameipenda, kwa sababu watasema wameipenda. Nawauliza: je, ungekubali huyu amuoe mdogo wako? Na kwa binti: ungependa awe wifi yako? Anayejibu "ndiyo" ya haraka hajasoma vizuri. Anayejibu "hapana" ananieleza palipovunjika. Jibu ninalolitaka ni la yule anayesema, "Ningekubali, lakini kwanza aache kumficha mwenzie madeni." Huyo namtumia sehemu ya sita bure.