Damu ya uzazi ipimwe, isikisiwe

Leso ya rangi nzito iliyotandikwa chini ya mama anayejifungua inaweza kunywa damu nyingi na bado ionekane imelowa tu. Hata mkunga mzoefu akikisia kwa macho hukosea, na mara nyingi hukisia pungufu.

Ipo karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya mililita. Itandike chini ya makalio mtoto akishatoka, maji ya uzazi yakiwa yamekwisha kumwagika, la sivyo hesabu itachanganyika. Ukiikosa, tumia mizani: gramu 1 ni takriban mililita 1. Leso iliyokuwa na gramu 250 ikiwa kavu ikifika 600, mama amepoteza kama mililita 350.

Huku kwetu Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, hesabu hiyo ni nzito zaidi. Malaria huwaacha wajawazito wengi na upungufu wa damu, na mama mwenye hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya gramu 7 kwa desilita hana akiba. Ndiyo maana vidonge vya madini ya chuma pale kliniki si vya kugawa tu. Muulize kama anavimeza, na kama vinamchafua tumbo mshauri avimeze baada ya chakula badala ya kuviacha.

Mtoto akizaliwa, papasa tumbo uhakikishe hakuna pacha, kisha choma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, uniti 10 kwenye msuli wa paja ndani ya dakika 1. Dawa hii huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kwa joto la Kisumu, na stima inavyopotea, ampuli iliyoachwa kwenye troli tangu asubuhi si ya kuaminiwa. Ubaya wake ni kwamba ikipoteza nguvu bado ni maji meupe yale yale, hutaona tofauti mpaka tumbo likatae kukaza.

Kondo la nyuma lisivutwe mfuko wa uzazi ukiwa legevu. Mkono mmoja uwe juu ya kinena ukiuzuia mfuko usishuke, mwingine uvute kitovu taratibu wakati umekaza. Ukivuta kwa pupa unaweza kuupindua mfuko, au kitovu kikakatika. Kondo likitoka, ligeuze ulikague vipande vyote na utando wake. Kipande kidogo kilichobaki ndani kinatosha kumvujisha mama usiku kucha.

Damu iliyopotea ikifika mililita 500, au 300 na mpigo wa moyo umezidi 100 kwa dakika, usianze kujaribu dawa moja huku ukiingoja. Ita usaidizi na mfanye yote pamoja: kusugua mfuko wa uzazi mpaka uwe mgumu, oksitosini kwenye mshipa, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke) gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, dripu, kumwaga mkojo, na kukagua mlango wa uzazi na uke. Utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, ambao Kenya ilishiriki, uliunganisha kupima kwa karatasi hiyo na kutibu hivi. Matukio mabaya kabisa, yaani kupoteza lita 1 au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kufa kwa kuvuja damu, yalipungua kwa asilimia 60.

Mfuko ukiwa mgumu na damu bado inatiririka, tafuta mchaniko. Ukiendelea kusugua utapoteza muda.

Traneksamiki hutolewa ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe. Ikipita hapo haisaidii. Kwa hiyo zahanati ya Nyakach au Seme inayompeleka mama Kisumu mjini isingoje ambulensi ifike ndipo imchome. Piga simu mapema, sema kundi la damu kama linajulikana na mililita zilizopotea. Njiani mkunga aende naye, mkono ukiwa tumboni, dripu ikiendelea, na ndugu wawili watatu wanaoweza kutoa damu wafuate nyuma.